Ace Combat 04 na walio chini

Wadau, machalii wa Chuga wakianza kubishana kuhusu Ace Combat 04, gemu ya Namco ya mwaka 2001 kwenye PlayStation 2, hawamalizi leo. Kundi moja linasema ni uongo mtupu: ndege gani ya kivita inabeba makombora kwa makumi? Jingine linajibu: anayetaka ukweli aende Kisongo akaangalie ndege za watalii zikipaa kwenda Serengeti.

Mimi nawaunga mkono wanaosubiri ile hadithi kati ya misheni moja na nyingine. Msimulizi anakumbuka utoto wake: ndege iliyotunguliwa iliangukia nyumba yao, ikaua familia yake. Baadaye akaishi na marubani wa adui, akampenda hata yule aliyeitungua. Na wewe mchezaji ndiye unayekuja kumuua.

Kwetu hayo si ya kwenye gemu tu. Mwaka 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya ililenga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa. Mabomu yakaua wanyama kisiwani Saanane. Yangeangukia mitaani je?

Makombora yale nayasamehe. Gemu za ndege zinazokumbuka walio chini ni chache. Nyie mnasemaje?