Motokaa Iliyokufa Vitabuni

Leo tufunge safari ndefu pamoja, tuifuate motokaa iliyopata ajali. Huku kwetu habari yake twaijua. Mwenyewe akiwa na bima ndogo tu, kampuni hulipa madhara waliyopata watu wengine, bali motokaa yake haiwahusu. Basi huivuta mpaka nyumbani na kuiweka chini ya mwembe. Kuku hutaga ndani yake, na kila mwaka hupungua kidogo: leo betri, kesho tairi, keshokutwa kioo. Mwenye bima kubwa habari yake ni nyingine. Kampuni ikiona ya kuwa kuitengeneza kutakula fedha karibu sawa na bei yake, humlipa mwenyewe haki yake, na mabaki huwa mali ya kampuni. Je, kampuni huyapeleka wapi? Yenyewe haina mwembe.

Twende Marekani, maana huko jambo hili limekuwa biashara kubwa kabisa. Kila jimbo lina sheria yake. Katika Oklahoma, gharama ya matengenezo ikifika 60 kwa mia ya bei ya motokaa, sheria huihesabu kuwa mabaki. Jirani yake wa kusini, Texas, husubiri mpaka gharama izidi bei yote. Kati yao upo mto uitwao Red River. Basi motokaa moja, yenye kubonyea kule kule, yaweza kuwa maiti ng'ambo hii ya mto na kuwa hai ng'ambo ya pili! Tazama basi, kifo hiki ni cha hesabu tu. Hakituambii kama injini inawaka au haiwaki.

Mabaki hayo hupelekwa kwa wanadishaji. Mmoja wao ni kampuni ya Copart, iliyoanza mwaka 1982 kwa uwanja mmoja tu katika mji wa Vallejo, California, na leo ina viwanja katika nchi nyingi. Motokaa hupangwa safu kwa safu, hupigwa picha, hupewa namba. Tangu mwaka 2003 minada yake yote hufanyika kwa intaneti, hata mtu aliye ng'ambo ya bahari aweza kununua motokaa ambayo hajaigusa kwa mkono wake. Tufani ya Harvey iliipiga Texas mwezi wa Agosti. Ilikuwa mwaka 2017, na maji yaliharibu motokaa laki kadhaa. Viwanja vikajaa. Karibu na mji wa College Station ulikuwapo uwanja wa zamani wa mashindano ya magari, Texas World Speedway. Nao ukafunikwa na motokaa zilizolowa, safu hata macho hayafiki mwisho.

Nyingine hufunguliwa vipande vikauzwa, nyingine husagwa zikawa chuma. Lakini nyingi hupanda meli, nasi tupande pamoja nazo.

Tunashuka Poti, bandari ya Bahari Nyeusi katika nchi ya Georgia. Angalia, si lile jimbo la Marekani lenye jina hilo. Hii ni nchi ndogo chini ya milima ya Kaukazi, yenye watu wasiofika milioni 4. Kutoka bandarini motokaa hupelekwa bara, mpaka Rustavi, karibu na mji mkuu wa Tbilisi. Rustavi ulijengwa wakati wa Wasovieti kwa ajili ya kiwanda cha chuma. Leo wageni huja kwa ajili ya soko lake la motokaa, na mafundi wanaozifufua.

Kwa nini iliyokufa Texas ifufuke huko? Saa moja ya fundi wa Marekani ni ghali mno, na vipuri vipya ni ghali vilevile. Fundi wa Georgia analipwa kidogo, tena mlango anautoa katika mabaki mengine, na taa katika mengine. Hesabu iliyoiua kule ndiyo inayoiponya huku. Mwaka 2023 Georgia iliuza nje motokaa za thamani ya zaidi ya dola bilioni 2, nyingi zikienda Kazakhstan, Kirgizia, Azerbaijan na Armenia. Mimi nawasifu mafundi hao. Kunyoosha chuma kilichokunjamana kama karatasi, hata mlango ukafunga tena bila kelele, si kazi ya mtu mvivu.

Lakini rangi mpya haisemi yaliyo chini yake. Ndani ya usukani wa motokaa za siku hizi umo mfuko wa hewa uliokunjwa. Motokaa ikigonga, mfuko hufumuka kwa kishindo ili kifua cha dereva kisigonge usukani. Ukishafumuka mara moja, hautumiki tena. Lazima uwekwe mwingine, nao ni ghali. Hapo ndipo wadanganyifu hupata nafasi. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilionya ya kuwa, katika muda wa miezi 9, watu 3 walikufa na 2 wakaumizwa vibaya kwa sababu ya vifaa vya bandia vilivyowekwa baada ya ajali ya kwanza. Badala ya kuwakinga, vilipasuka vikawarushia vipande vya chuma. Huenda ajali ya pili wangetoka wazima.

Wamarekani wanalo daftari la nchi nzima, lililoagizwa na sheria ya mwaka 1992, na tangu mwaka 2009 kampuni za bima hulazimika kuandika humo kila motokaa iliyohesabiwa imekufa. Ni jambo jema. Walakini motokaa husafiri, na daftari hubaki kwao.

Sasa turudi nyumbani. Sisi twaendesha upande wa kushoto, na motokaa za Marekani zina usukani upande usiotufaa. Kwa hiyo nyingi za kwetu hutoka Japani. Huko nako kuna minada, na mkaguzi wa mnada huandika karatasi ya kila motokaa. Ukiona daraja la R au RA, ujue ya kuwa ilipata ajali ikatengenezwa. Haina maana kwamba haifai; huenda ni bampa na boneti tu. Ila bei yake lazima ishuke, nawe uambiwe ni kitu gani kilichovunjika.

Basi wewe unayechanga fedha za kahawa au za ng'ombe na ndugu zako ili mnunue motokaa ya abiria, idai karatasi hiyo kabla hujatoa hata senti. Kisha nenda mwenyewe na fundi unayemwamini. Tazama skrubu za boneti kama zimekwaruzwa na spana. Inua kapeti utafute matope makavu. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Maji ya mafuriko huacha mstari. Geuza ufunguo utazame taa ya mfuko wa hewa: yapasa iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameinyamazisha makusudi. Na muuzaji akikuambia karatasi ya mnada ilipotea baharini, mwulize mbona motokaa ilifika.