Shule Yetu Ilikuwa na Watu 130 Tu

Nikisema nilisomea Olenguruone, wasee wa Nakuru mjini huniuliza, "Kwani huko kuna shule?" Iko. Unapanda matatu ya Molo, unapita Keringet, unaendelea tu kupanda mpaka baridi ya Mau ikuingie kwa mifupa. Chai huku, viazi kule. Mvua ikinyesha, njia ya kuenda shule yetu ilitaka gambuti.

Sikutaka kusoma hapo, niwaambie ukweli. Mabeshte zangu walienda bweni na masanduku mapya ya chuma. Mimi mama alisema karo ya bweni hakuna, enda ya kutwa, tutatafuta pesa ya chakula cha mchana na yunifomu. Darasa moja moja, kidato cha kwanza hadi cha nne. Wote pamoja tulikuwa kama 130. Nililia.

Lakini nilikuwa na shida nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mimi ni Mkipsigis, na herufi "b" na "p" zilikuwa zinanichezea mdomoni. Shule ya msingi nilikuwa nimechekwa hadi nikaamua sekondari nitanyamaza miaka yote minne. Ukiwa darasa la watu 60, mpango kama huo unaweza kufaulu. Sisi tulikuwa 31.

Wiki ya tatu, mwalimu wa Kiswahili akanipatia kazi ya kusoma habari kwa paredi ya Ijumaa. Nikaanza: "Leo asupuhi..." Paredi yote ikaanguka kwa kicheko. Nilimaliza nikitetemeka, na haikuwa baridi. Nikamwendea mwalimu nikitarajia aniombee msamaha, au angalau awachape wale wa nyuma. Akaniangalia tu. "Ijumaa ijayo ni wewe tena."

Na ile ingine. Na ile ingine. Kabla ya kila paredi alinisikiliza dakika tano nje ya stafurumu, akirekebisha neno moja au mawili, siyo yote. Ijumaa ya tano hivi, kicheko kiliisha. Nafikiri walichoka. Jamaa wa kidato cha nne akaanza kuniletea gazeti la jana kutoka duka la baba yake, na mimi nikaanza kuongeza habari zetu: bei ya maziwa, daraja lililobebwa na maji, ng'ombe wa nani amepotea. Mpishi alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi kusikiliza bei ya maziwa. Huyo ndiye foloa wangu wa kwanza, kama mnataka kujua.

Bado nakushrub kidogo. Mmeniambia kwa komenti mara nyingi, asanteni.

Na si mimi peke yangu. Kaunti hii hii yetu, kijiji cha Pwani huko Njoro, kuna Keriko Mixed Day. Mwalimu wao wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alishinda Global Teacher Prize mwaka wa 2019 kule Dubai, dola milioni 1. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua, na bado wanafunzi wake walifuzu kuenda maonyesho ya sayansi ya Intel huko Arizona, Marekani. Watu walishika ile stori ya dola. Mimi nilishika kwamba yeye na wenzake walikuwa wakitembelea wanafunzi nyumbani na kufundisha wikendi wale walioachwa nyuma. Mwalimu akishajua unakaa wapi, utajificha wapi tena?

Sasa msinielewe vibaya. Tulikaa mihula miwili bila mwalimu wa fizikia. Maabara yetu ilikuwa kabati. Mtu asikudanganye eti upendo unafundisha fizikia. Na shule ndogo ina ubaya wake: ukitumwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya chakula, kufika jioni soko lote linajua.

Naandika haya kwa sababu ya sistangu. Yuko Gredi ya 9, anachagua shule ya Gredi ya 10, na anataka STEM. Msichana mkimya kuliko vile nilivyokuwa. Mama amenipigia Jumapili: mwambie achague ile kubwa ya bweni, wewe anakusikiliza. Shule yetu ya zamani pia iko kwa orodha yake.

Nilishindwa kusema moja kwa moja. Nikamwambia aende zote mbili na maswali mawili. La kwanza: nani anafundisha fizikia, na yuko kwa muda gani? La pili amuulize mwanafunzi yeyote anayempata getini: mwalimu mkuu anakujua jina?

Ameanza jana na ile kubwa. Walimu wa fizikia wako watatu. Swali la pili alimuuliza msichana mmoja aliyekuwa akifagia karibu na geti. Anasema yule msichana alicheka, halafu akamuuliza, "Yangu mimi?"

Kesho anaenda yetu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nimemwambia abebe gambuti.