Shosho Kabla Hajawa Shosho

Nianze na msimamo wangu, halafu mwenye kurusha mawe arushe. Katika gemu zote za miaka hii ambazo zinatuuzia kumbukumbu zetu wenyewe, Atelier Sophie 2 ndiyo pekee niliyocheza ikanipa kitu ambacho sikuwa nacho kwanza. Hizo zingine nyingi ni kupaka rangi upya nyumba ya zamani na kupandisha kodi.

Najua wengi wenu hamjawahi kuisikia, na sishangai. Ilitoka Japani tarehe 24 Februari 2022, dunia nzima siku iliyofuata, na siku hiyo ya tarehe 25 ndiyo Elden Ring nayo ilitua. Ni sawa na kuandaa harusi siku ya fainali ya Kombe la Dunia halafu ushangae mbona hema liko nusu tupu. Wiki hizo kila msee niliyemjua alikuwa anakufa mikononi mwa jitu moja la farasi pale mwanzoni, na mimi nilikuwa na daftari naandika ni majani gani yana nguvu ya barafu.

Kwa ufupi basi, ili tuende pamoja. Gust ni kampuni ya Japani iliyoanza hizi gemu za Atelier mwaka 1997 na Atelier Marie kwenye PlayStation ya kwanza, na haijapumzika tangu hapo. Ni RPG, lakini za aina yake. Kuna msichana, kuna karakana, kuna chungu kikubwa. Unatoka nje ya mji, unachuma mimea, unaokota mawe, unapigana na vijidude njiani, unarudi nyumbani na kutumbukiza vyote chunguni. Kinachotoka ni dawa, bomu, ama keki. Hiyo ndiyo alkemia yao. Aliyezoea kuokoa dunia kila wikendi atauliza vita iko wapi. Hapa mara nyingi shida kubwa ya siku ni kwamba mama fulani wa mtaani anataka sabuni.

Atelier Sophie ya kwanza ilitoka 2015. Sophie Neuenmuller anaishi peke yake Kirchen Bell, kwenye karakana aliyoachiwa na nyanya yake. Nyanya ameshafariki kabla hujabonyeza kitu chochote. Sophie anapata kitabu cha zamani, anaandika mapishi ya alkemia ndani yake, na kitabu kinaanza kuongea. Jina lake ni Plachta. Kumbe alikuwa mwanaalkemia miaka mingi sana iliyopita, roho yake ikabaki kitabuni bila kumbukumbu, na kila pishi jipya Sophie analoandika linamrudishia kipande cha yeye mwenyewe. Baadaye wanamtengenezea mwili wa mwanasesere ili aweze kutembea. Ndiyo, najua inavyosikika. Icheze kwanza.

Kilichonishika kwenye ile ya kwanza hata si Plachta, ni nyanya. Yuko kila mahali na hayuko popote. Watu wa mji wanamkumbuka, chungu ni chake, nyumba ni yake. Sophie anafanya kazi ndani ya umbo la mtu ambaye hayupo, na kila akikosea unahisi kuna mtu ambaye angemrekebisha.

Sasa ukiwa kampuni, na unataka kurudi kwa mashabiki wa 2015 uwatoe machozi na pesa, njia ya haraka inajulikana. Unawarudisha wote. Gust wenyewe walishaipita mwaka 2019 na Atelier Lulua, ambapo shujaa ni binti wa kulea wa Rorona wa miaka kumi nyuma, na wahusika wa zamani wanajitokeza mmoja baada ya mwingine kama wajomba kwenye ruracio. Niliifurahia, sikatai. Lakini ni furaha ya kukutana na watu kwenye sherehe: aah, umenona, watoto hawajambo, haya basi tuonane.

Sophie 2 inakataa njia hiyo. Akina Monika na Oskar, marafiki wa Kirchen Bell, hawapo kwenye safari hii. Mji wenyewe unauacha nyuma. Sophie na Plachta wako njiani, wanaufikia mti mkubwa ambao Plachta amekuwa akiuota, na wanavutwa ndani hadi dunia nyingine inayoitwa Erde Wiege. Imeumbwa na mungu wa ndoto, Elvira. Wanaokuja huko ni watu wenye ndoto wanayoifuatilia, kutoka zama tofauti tofauti, na wakiwa humo miaka haiwagusi. Wanaishi pamoja kwenye mji wa Roytale, wa karne hii na wa karne ile, wakiuziana mkate.

Sophie anampoteza Plachta wake mlangoni kabisa. Akimtafuta, anakutana na Plachta mwingine: msichana wa damu na nyama, bado anajifunza, ambaye hamjui Sophie hata kidogo. Sisi tuliocheza ya kwanza tunajua huyu mtoto anangojewa na nini. Yeye anachojua ni kwamba anataka kuwa mwanaalkemia hodari.

Halafu anatokea mwanaalkemia mwingine kijana. Jina: Ramizel Erlenmeyer. Na hilo ndilo jina la nyanya yake Sophie.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nadhani Mkenya anacheza hiki kipande tofauti na wengine. Kufanana jina na nyanya kwetu si ajabu hata kidogo. Sisi Wakikuyu binti wa kwanza anachukua jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama, na ndivyo hivyo, hadi boma moja linajaa akina Wanjiru ukiita mmoja wanaitika wanne. Mimi nimebeba jina la shosho, mamake baba. Na kwa sababu hiyo baba, mzee wa miaka yake, huniita maitũ. Mama. Ameniita hivyo tangu sijaota meno. Akinigombeza ananigombeza kama mtoto, akitaka chai anaomba kwa heshima kama anaomba mama yake. Hakuna mtu nyumbani anayeona ni kitu cha kushangaza.

Kwa hivyo Sophie alipokuwa anakodoa macho mbele ya Ramizel, mimi nilikuwa naiambia skrini, tulia, atakuwa wajina tu. Lakini si wajina. Ni yeye. Ni shosho mwenyewe, kabla hajawa shosho ya mtu, hana mtoto, hana mjukuu, mchangamfu, anasema analofikiria, mtu wa kujitosa majini halafu ndipo aulize kina.

Na tazama walivyoupindua mpango mzima. Kwenye gemu ya kwanza Sophie alikuwa mwanafunzi wa wafu wawili: nyanya aliyemwachia chungu na Plachta aliyekuwa kitabu. Sasa wote wawili wako hapa, wabichi, wa rika lake, na mwenye kujua yanayokuja ni yeye. Yeye na Plachta mdogo wanapokezana chungu kama wafanyakazi wa zamu. Vitani mnakwenda watu sita, watatu mbele watatu nyuma, mnabadilishana nafasi na kukingana, na kuna nyakati nilijikuta nimemweka Sophie mbele makusudi apigwe yeye badala ya nyanya yake. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Kimahesabu ni upuuzi.

Nyumbani kuna picha moja tu ya shosho akiwa msichana. Ni ya studio, ya enzi zile za pazia lililochorwa milima. Amevaa gauni fupi, afro kama mwezi, na amemtazama mpiga picha na lile jicho la jaribu uone. Shosho niliyemjua mimi alikuwa wa kitambaa kichwani, ndoo ya maziwa na swali moja: umekula? Alifariki nikiwa darasa la sita. Nimewahi kuikaa mbele ya ile picha nikijaribu kuwaunganisha hawa watu wawili na nikashindwa. Kwamba huyu msichana alitaka kitu, alikuwa na mipango ambayo haikuwa na mimi ndani, labda haikuwa hata na baba ndani. Baba mwenyewe anamjua kuanzia siku alipokuwa mama yake. Kabla ya hapo hakuna wa kuulizwa, wote wameshatangulia.

Ndiyo maana nasema gemu hii haikunirudishia kumbukumbu. Sina kumbukumbu ya huyo msichana, sikuwepo. Sophie pia hana. Watu wanaosema nostalgia ni kutamani ulichokuwa nacho, sijui wanaweka wapi hii ya kumtamani mtu ambaye ulimkuta ameshabadilika.

Na kuna uchungu ambao waandishi wameuweka pale kimya kimya, hawaupigii ngoma. Erde Wiege hakuna anayezeeka. Ramizel akikaa huko, atabaki hivi alivyo milele, na hiyo si hadithi mbaya kwake. Lakini ili Sophie azaliwe, lazima Ramizel atoke, arudi kwenye wakati wake, aishi, azeeke, na siku moja afe kabla ya gemu ya kwanza kuanza. Sophie anajua, na bado anamsaidia kuifikia ndoto yake, ambayo ndiyo njia ya kutokea. Sitawaambia wanavyoagana. Nitasema tu kwamba niliweka kidhibiti chini na nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa, isionekane nimelipwa. Gemu ina matatizo yake. Saa za mwanzo zinakokota miguu, na katikati kuna kipindi ambacho hadithi inakwama huku ukikimbizwa na maombi ya watu wa mji: huyu anataka hiki kumi, yule anataka kile chenye ubora fulani. Kuna mawe ya kubadilisha hali ya hewa, unaleta mvua mto ujae, unaleta jua maji yashuke njia ifunguke. Mara tano za kwanza ni raha. Mara ya ishirini unahisi kama unafanyia kazi idara ya utabiri. Elvira naye, kwa mungu, ni wa kuchosha. Na bei ya dola 60 ilipotoka haikuwa mzaha. Mimi niliingoja punguzo kwenye Steam kama mtu wa kungoja basi la mwisho, na ninakushauri ungoje pia. Sauti ni za Kijapani peke yake, maandishi Kiingereza, lakini kizazi kilicholelewa na anime ya manukuu hilo halitakusumbua.

Alkemia yenyewe lakini, wacha. Chungu kimegawanywa vyumba vidogo kama ubao wa drafti, na kila kiungo kinaleta vipande vya rangi na umbo lake ambavyo unavipanga ndani, moto kwa moto, upepo kwa upepo, ukitafuta viguse. Ilikuwepo 2015. Safari hii wameongeza mbao zenye vizuizi, ambapo baadhi ya nafasi zinakubana, na ukizishinda unapata kitu chenye nguvu zaidi. Nimewahi kukaa dakika arobaini kwa bomu moja. Dadangu alipita akauliza kama nafanya kazi ya chuo, nikasema ndiyo.

Ukitaka kuingia, usianze na hii. Najua wauzaji wanasema unaweza, na kweli utaelewa matukio, lakini utakutana na Ramizel kama mgeni yeyote, na huo ni uharibifu. Cheza ya 2015 kwanza, ile iliyorudi 2021 na vikorombwezo vya ziada inatosha kabisa. Kaa kwenye ile nyumba tupu ya nyanya, zoea kimya chake. Halafu ndiyo uje.

Mimi kwa sasa nimerudi nyuma kidogo, nacheza Atelier Firis kwa mara ya pili. Ni ya 2016, lakini kwa mpangilio wa hadithi inakuja baada ya Sophie 2. Firis ni msichana aliyefungiwa maisha yake yote kwenye mji wa wachimba migodi ndani ya mwamba, Ertona, wenye mlango mmoja ambao hakuna anayeruhusiwa kuupita ovyo. Siku moja Sophie anafika kutoka nje, akiwa msafiri, na anaulipua mlango kwa bomu. Haombi ruhusa, habishi hodi. Mara ya kwanza nilicheka tu nikapita. Waliouandika huo mwaka 2016 bado hawakuwa wametuonyesha Ramizel akiwa kijana. Lakini juzi moshi ulipotulia na Sophie akatokea pale mlangoni, nilisimamisha gemu nikamwita baba aje aone. Hakuelewa kitu, amekaa hapo dakika mbili, akaniuliza, maitũ, huyu msichana ni nani.