Lawama Aliyobeba Mpwa Wangu

Mpwa wangu alivunjika mtulinga kwa kosa langu, na kwa muda mrefu nikamwacha aamini kwamba kosa ni lake. Sasa anajua. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, naye anajua. Niliwaomba ruhusa ya kuyaandika haya wakanipa, kwa sharti moja la dada: nisijipunguzie.

Naishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Huku pikipiki ya theluji ni sehemu ya maisha. Kampuni ya Polaris ilianzia katika mji mdogo wa Roseau mwaka 1954, na Arctic Cat ikakulia Thief River Falls, mji mwingine wa eneo hilo hilo. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, ni chombo chenye skii mbili mbele, zinazogeuzwa na usukani, na nyuma kina mkanda mmoja mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini. Mkanda ndio unaosukuma na ndio unaofunga breki. Skii ndizo zinazoelekeza. Naomba mgawanyo huo wa kazi ukumbukwe, maana kosa langu lote limo humo.

Kwenye theluji laini meno ya mpira yanatosha. Barafu ni habari nyingine. Jua la mchana likiyeyusha njia kidogo, kisha baridi ya usiku ikaigandisha tena, asubuhi unaikuta ngumu na inang'aa. Mkanda huzunguka tu bila kusukuma, na ukishika breki chombo kinaendelea kuteleza. Dawa yake ni njumu. Zinafanya kazi ile ile ya njumu za kiatu cha mpira wa miguu, ila hizi ni za chuma na ncha yake ni kabaidi ya tungsteni, ngumu kuliko chuma cha kawaida, ili iume barafu bila kuisha upesi.

Kuchagua njumu kunataka elimu, na elimu hiyo niliisaka kwa bidii. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilianza na urefu. Mkanda wangu ulikuwa wa inchi 121 kwa 15, na meno yake yana kimo cha inchi moja. Kanuni ni kwamba ncha iyapite meno kwa robo inchi hadi thumni tatu za inchi. Ikipungua hapo, mpira unatangulia kugusa chini na chuma hakiumi kitu. Ikizidi, njumu hupindishwa kila inapokanyaga, mwishowe hung'oka na kipande cha mkanda. Na kuna hatari nyingine juu yake. Rejeta za pikipiki hizi ziko juu ya mkanda, chini ya kiti, na zinapozwa na theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Ncha ndefu ikizikwaruza, maji hutoka yote na injini inakufia mbali na nyumba. Nililala chali kwenye sakafu ya gereji nikiwa na rula na tochi, nikapima nafasi hiyo mwanzo hadi mwisho, nikafunga na vipande vya kinga.

Niliuchunguza pia mkanda. Iko mikanda ya tabaka moja, laini, yenye meno marefu kwa ajili ya theluji nyingi ya milimani. Hiyo haifai kufungwa njumu, kwani huzitema pamoja na mpira wake. Wangu ulikuwa mgumu, nikaridhika.

Halafu idadi. Wengi huku huhesabu njumu moja kwa kila nguvu farasi moja ya injini, na yangu ilizidi 100 kidogo tu. Mkanda ulikuwa na safu 48 za meno. Njumu mbili kwa kila safu ni 96, na kwa matembezi yangu ya ziwani zingenitosha kabisa. Nikaweka tatu kwa kila safu, zikawa 144. Jirani yangu alikuwa na 96, nami nikataka kumzidi. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Kazi ya kufunga niliifanya vizuri, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilichora kwanza mpangilio kwenye karatasi, nikahakikisha kwamba njumu mbili zinazofuatana hazipiti mstari mmoja, maana ya nyuma ingefuata mfuo uliochimbwa na ya mbele isipate barafu mpya. Nilitoboa tundu moja moja, mbali na kingo. Kichwa bapa ndani ya mkanda, bamba la alumini nje, nati juu ya bamba, na kila nati nikaikaza kwa spana ya kupimia. Baada ya kuitumia kidogo nikarudia kuzikaza zote.

Mbele sikugusa.

Chini ya kila skii kuna chuma chembamba chenye ukingo wa kabaidi. Huo ndio unaochimba barafu na kuifanya skii ishike kona. Mafundi wana kipimo chao: ukiwa na njumu 96 nyuma, weka mbele kabaidi ya inchi 4 kwa kila skii, njumu 144 zinataka inchi 6, 192 zinataka 8. Ni makadirio, kila chombo kina tabia yake, lakini maana yake ni moja, kwamba nguvu ya kushika inapoongezwa nyuma lazima iongezwe na mbele. Mbele ikishika kupita kiasi, mkia ndio unaozunguka. Nyuma ikishika kupita kiasi, unageuza usukani na chombo kinakwenda kilikokuwa kinakwenda, kwa kuwa mkanda unasukuma kwa nguvu zake zote na skii hazina pa kung'ang'ania. Yangu ilikuwa na kabaidi ya inchi 4, tena iliyokwisha kutumiwa na aliyeniuzia hadi ukingo ukawa mviringo.

Siwezi kusema sikuambiwa. Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee kutafuta nati za akiba. Aliniuliza nimefunga njumu ngapi, nikamtajia. Akaniuliza tena, "Na mbele umeweka nini?" Nikamwambia nitanunua mshahara ukitoka. Ulipotoka nikanunua helmeti mpya. Vyuma vya skii ni rahisi kuliko njumu nilizokwisha kulipia, lakini viko chini, havionekani. Watu wakikutana njiani huulizana, "Una njumu ngapi?" Sijasikia mtu akiulizwa habari za skii zake kwa sauti ile ile ya kusifu.

Wala siwezi kusema sikujua. Kwenye kona yenye barafu niliusikia usukani ukiwa mwepesi mno mikononi, skii zinafagia juu juu. Nikajifunza kupunguza mwendo mapema sana, kuachia mafuta kabla ya kona ili uzito uje mbele, na kuegemeza mwili upande wa ndani. Kidogo kidogo niliizoea kasoro ile hata nikaacha kuiona kuwa kasoro. Niliona kuwa ndivyo pikipiki yangu ilivyo.

Mpwa wangu alikuja kutoka Minneapolis wakati wa likizo. Ana miaka 19, ni mtulivu, na alikwisha kuendesha pikipiki ya rafiki yake isiyo na njumu kwenye theluji laini. Asubuhi moja akaniambia, "Mjomba, naomba leo niendeshe mimi mpaka kwenye kibanda cha kuvulia." Vibanda hivyo huwekwa juu ya ziwa lililoganda, watu wakavua kupitia tundu. Nikakubali kwa furaha.

Nikampa mafunzo. Tulitoboa barafu kwa keekee tukaipima. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri inchi 5 hadi 7 za barafu safi kwa pikipiki ya theluji, na ile ilikuwa imepita hapo kwa mbali. Nikamwonesha kamba ya usalama inayozima injini mtu akianguka. Nikamwambia asisimame kamwe nyuma ya mkanda unaozunguka, maana njumu hurusha barafu na mawe kwa nguvu ya kuumiza. Nikamwambia hata habari ya sheria ya jimbo, inayokataza vyuma hivi kwenye njia za umma zilizowekwa lami. Alisikiliza yote. Nililoacha ni lile lililokuwa na uzito kuliko yote, kwamba pikipiki ile haikati kona kwenye barafu mpaka uibembeleze.

Ziwani alikwenda vizuri. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki ya jirani. Tulipokuwa tunarudi, njia ilitoka ziwani, ikapanda ukingo na kukata kushoto kati ya miti, na pale kwenye kona palikuwa na barafu tupu. Niliona skii zimegeuka kushoto na pikipiki inakwenda moja kwa moja. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya, akazidi kugeuza usukani. Hakikubadilika kitu. Akagonga kisiki, akarushwa, bega likatangulia.

Mwendo wake ulikuwa wa kawaida. Nalitamka hili wazi kwa sababu ndilo nililolikana.

Dada alipiga simu tukiwa bado hospitalini. Baada ya kusikia kwamba mtoto yu hai na anazungumza, aliuliza, "Alikuwa anakimbia?" Nikamjibu, "Dada, unawajua vijana." Sikuongeza neno. Nilijua anachoelewa, na nilitaka aelewe hivyo.

Siku ya kuondoka kwake kijana alinijia mkono ukiwa umefungwa shingoni. "Mjomba, nisamehe. Nimekuharibia pikipiki. Nadhani nilivuta mafuta sana." Nikamwambia yamekwisha. Niliombwa msamaha na mtu niliyepaswa kumwomba mimi. Baadaye akanitumia fedha, alizozipata kwa kufanya kazi dukani baada ya masomo, ili nitengeneze skii iliyopinda. Nazo nikazipokea.

Nilipoilaza pikipiki ubavu niifunge skii mpya, iliyonunuliwa kwa fedha zake, nilipitisha kidole kwenye ukingo wa kabaidi ya skii ya zamani iliyosalimika. Kidole kilipita toka mwanzo hadi mwisho bila hata kukwaruzika. Nilikuwa nimejua siku zote, lakini safari hii nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi, nami nikiwa nimelipwa na niliyemuumiza. Nikaiacha kazi pale pale.

Sikutaka kulisema kwa simu. Niliendesha gari mpaka Minneapolis, nikaketi nao mezani, nikawaeleza yote: njumu nilizoziongeza kwa kushindana na jirani, swali la mzee, helmeti, kona nilizokuwa nazibembeleza mwenyewe, na jibu nililompa dada hospitalini. Dada hakupaza sauti. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na fedha za mtoto ziko wapi?" Nilikuwa na kiasi kile kile kwenye bahasha. Kijana hakuzigusa. Aliniuliza tu, "Mjomba, kwa nini uliniacha niombe msamaha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nilimwacha kwa sababu kuomba kwake kulinipa nafuu, na kwamba hilo ni baya kuliko kona.

Mfupa umepona. Alinitamkia kwamba amenisamehe, na kwa dada imechukua muda zaidi, jambo ambalo naliona ni haki yake. Tangu hapo kijana hajapanda pikipiki ya theluji. Simshawishi.

Njumu 144 zimebaki mahali pake, maana ukizing'oa unaacha matundu kwenye mkanda. Mbele nimefunga kabaidi ya inchi 6 kila skii, mpya. Kisha nikairudia ile kona, asubuhi yenye barafu kama ile, kwa mwendo ule ule niliomwona nao. Pikipiki iligeuka. Ikageuka tena niliporudia. Nikampigia dada nikamweleza, ili asibaki na shaka hata kidogo kwamba mwanawe alikuwa na sehemu yoyote katika ajali ile. Hakuwa nayo.

Ndugu zangu mlioko Minnesota, Maine, Winnipeg, na popote penye maziwa yanayoganda: kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, ilaze pikipiki ubavu na upitishe kidole chini ya skii zote mbili. Ukingo ukiwa mviringo, au kabaidi ikiwa fupi kwa idadi ya njumu ulizofunga, usimpe, na mweleze sababu. Na kama yupo aliyekwisha kukuomba msamaha kwa ajali ya chombo ambacho wewe ulijua kina kasoro, mtafute leo umwambie.