Bati, Makuti na Sauti ya Msomaji

Mwezi huu twataka kuwaandikia jambo lililowatia uchungu wazee wetu. Tangu nyumba yetu ya sala ilipovuliwa makuti na kuezekwa bati, wakaao nyuma hawalisikii Neno. Sauti waisikia, tena kubwa, lakini maneno hayashikiki. Wengine wamesema msomaji ana kiburi, hafumbui kinywa. Sivyo, kosa ni la nyumba.

Sauti huenda hewani kadiri ya meta 340 kwa sekunde. Ukipiga kofi mbele ya ukuta ulio mbali meta 17, sauti hurudi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, nawe waisikia kuwa ni mwangwi. Ukuta ukiwa karibu zaidi, irudiyo huchanganyika na ya kwanza. Basi makuti ni laini, yana matundu mengi. Sauti huingia humo ikapotea. Bati na saruji huirudisha, ikaenda huku na huku, hata neno la pili likalikanyaga la kwanza. (Habari ya mvua juu ya bati hatuisimulii, kila mwalimu aijua.)

Huko Marekani jambo hili lilipimwa. Mwaka 1895 mwalimu Wallace Sabine wa Chuo cha Harvard aliombwa atengeneze ukumbi ambao sauti ilidumu humo sekunde 5 na nusu. Akaazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, akafanya kazi usiku, maana mchana palikuwa na makelele. Akaona kadiri mito ilivyozidi, ndivyo sauti ilivyokatika upesi. Hata miili ya watu na nguo zao humeza sauti. Kwa hiyo msomaji ajaribuye Jumamosi, nyumba ikiwa tupu, asishangae Jumapili.

Wala si kila mvumo ni adui. Kanisa kuu la Unguja, lililoanzwa mwaka 1873 na kujengwa zama za Askofu Steere, lina dari ya tao la matumbawe na saruji. Chini ya dari kama hiyo wimbo hupendeza mno, lakini kusoma kwataka polepole.

Sasa vijana wetu wanachanga fedha za vipaza sauti. Twaona si vema kuanza na hivyo, kwani katika nyumba ivumayo huzidisha na mvumo pia. Afadhali kwanza mikeka minene itundikwe ukuta wa nyuma na chini ya bati, pakiachwa nafasi ya shubiri moja nyuma yake. Akina mama wawili wamekwisha kuanza kusuka ukili.