Mfasiri Aliyeijua Mashine

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha Galilaya kilichotaka hati zake za Kiebrania zigeuzwe kuwa Kiingereza kilianza kwa kuulizia majirani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa karani wa mauzo ya nje katika kiwanda kimoja huko. Alipata majina kwa kuambiwa, akapiga simu, kisha akatuma kurasa kwa faksi. Waliomfaa zaidi walikuwa wahamiaji waliokulia Uingereza au Marekani na kufanya kazi viwandani Israeli. Kiingereza walikinyonya utotoni, na mashine ya kukereza chuma waliijua kwa mikono yao.

Walikuwa wachache, na kazi ilikuwa tele. Soko la ndani la Israeli ni dogo, hivyo viwanda huishi kwa kuuza nje. Netafim, iliyoanzishwa mwaka 1965 katika kibutzi cha Hatzerim, iliuza ng'ambo mabomba ya umwagiliaji wa matone. Iscar ya Tefen iliuza visu vya kukatia chuma. Kila shehena ilihitaji maelezo ambayo fundi wa mbali angeweza kuyafuata.

Kompyuta zilikuja na shida yake. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto. Faili likihamishwa, "10–20" iliweza kutokea "20–10", na alama ya kutoa ya halijoto ikarukia upande wa pili wa namba. Mfasiri asiyejua mitambo alinakili alichokiona. Aliyeijua mashine alisita, akapiga simu kiwandani kuuliza.

Mwaka 1999 ikaja ProZ.com, tovuti ya wafasiri, na wafasiri wa kila pembe ya dunia wakapatikana kwa siku moja. Mwaka 2008 Google Translate ikaongeza Kiebrania. Bei zikashuka, kasi ikapanda, na karani hakuhitaji tena kumjua mtu aliyempa kazi. Hapo ndipo ulipokuwa upungufu: orodha ndefu ya majina haimwonyeshi nani amewahi kusimama karakanani.

Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinataka tafsiri isomwe na mtu wa pili akiilinganisha na hati asilia. Ni sharti zuri, na lisikatwe kwa kubana matumizi. Meneja anayetafuta mfasiri leo ampe kwanza ukurasa wa tahadhari za usalama wenye namba nyingi, aone maswali atakayouliza. Asiyeuliza lolote asipewe kazi hiyo, kwa kuwa vidole vitakavyokuwa hatarini ni vya fundi.