Nilishindana na kivuli mnadani

Leo naiweka PHP kando kidogo. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyopoteza pesa za mteja wangu, ili nawe usije ukapoteza za wako.

Mwaka 2008 nilikuwa natengeneza tovuti ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Malindi. Alikuwa na jina lake la .com tangu zamani. Lilikuwa kwenye kadi zake, na hata kwenye kibao cha barabarani. Shida ni kwamba kijana aliyemtengenezea tovuti ya kwanza alisahau kulilipia. Jina la .com likiisha muda halifutwi siku hiyo hiyo. Kwa kawaida msajili humpa mwenyewe muda wa kulipa, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, halafu siku 5 za mwisho kabla halijaachiwa. Mama hakujua lolote kati ya hayo, maana barua pepe za kumkumbusha zilikuwa zinamwendea yule kijana. Kuna watu wenye programu zinazovizia sekunde ile jina linapoachiwa. Mmoja wao akalinyakua, akaliweka mnadani.

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 60. Nikaweka dau langu, nikakaa peke yangu siku mbili. Siku ya tatu akatokea mtu, akaweka 70. Nikaweka 80, na baada ya dakika chache naye 90. Ikawa hivyo mchana na usiku. Nikipanda, anapanda.

Tulipofika 200 nikampigia mama simu. "Kuna mtu analitaka sana hilo jina," nikamwambia. "Huenda ni mshindani wako. Tuongeze kidogo." Mwaka ule, baada ya ghasia za uchaguzi, watalii walikuwa wameikimbia pwani na vyumba vyake vingi vilikuwa vitupu. Hata hivyo alinitumia pesa kwa M-Pesa. Nikafika 340, yule mwenzangu akaweka 350. Mama akasema, "Basi mwanangu, sina tena."

Siku mbili baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa muuzaji. Eti mshindi hajalipa, kwa hiyo naweza kulichukua kwa dau langu la mwisho, mradi nilipe ndani ya saa 24. Nilifurahi kama mtoto wa Idi! Tukalipa dola 340.

Novemba 2009 nikasoma habari iliyonitoa usingizini. SnapNames, kampuni ya Marekani inayouza majina kwa mnada, ilitangaza kwamba mfanyakazi wake mmoja wa cheo cha juu alikuwa akiweka madau kwa siri tangu 2005, akitumia jina "halvarez". Kampuni ilisema jambo hilo liligusa karibu asilimia 5 ya minada yake, ikaahidi kuwarudishia wateja tofauti ya bei pamoja na riba.

Sisi hatukununua kwao. Lakini nilirudi kwenye barua pepe zangu usiku ule ule. Akaunti ya mshindani wetu ilifunguliwa wiki ya mnada. Hakuwahi kununua chochote, na madau yake yote yalikuwa kwenye bidhaa za muuzaji yule yule. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, ila hesabu nilijua kuifanya. Tulikuwa wawili tu mnadani. Ukimtoa yule asiyelipa pamoja na madau yake yote, nabaki mimi na dola 60 zangu. Dola 280 zilizobaki nilikuwa nimejipandishia mwenyewe, nikishindana na kivuli.

Nilimpigia mama nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa siku ile mbona hukuniambia tusubiri?" Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau kwamba pesa si zangu, nilitaka kushinda. Gharama ya kumjenga tovuti tukaikata kwa kiasi hicho.

Tangu hapo nina masharti yangu, nawe yachukue:

1. Andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi kabla ya mnada, na uweke dau dakika za mwisho. Ukiweka mapema unampa mwenye hila siku nzima za kukupima.

2. Ukiambiwa mshindi hajalipa, usilipe dau lako la mwisho. Sema utalipa bei iliyokuwapo kabla yule mtu hajaingia. Muuzaji mkweli hatakasirika.

3. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, jihadhari na "mnunuzi" anayetaka kwanza ulipie cheti cha thamani ya jina kutoka tovuti fulani aliyoichagua yeye. Ukishalipa, hupotea.

4. Jina la mteja lisajiliwe kwa jina la mteja na kwa barua pepe ya mteja. Si yako wewe fundi.

5. Tafuta njia ya pili kabla ya kuingia mnadani. Jina lile lile la .co.ke lilikuwa wazi muda wote, na mimi hata sikuangalia.

Mama yule bado ni mteja wangu. Kila mwaka jina lake likikaribia kuisha muda, hunipigia yeye kabla sijampigia. Ananiuliza tu, "Umeshalipa?"

Haya, wikendi njema.